Babu wa Mvi na Kata ya Kwanza

Sogea karibu, msomaji wangu, nikueleze nilivyokaribia kuua mmea wa jangwani kwa heshima. Miaka ile ya kuelekea uhuru, jirani yetu fundi cherehani alihama Mwanza, akaniachia dungusi kakati ya ajabu: imesimama kama gunzi nene, miiba yake imejificha ndani ya nywele ndefu nyeupe. Nikamwahidi kwamba akija kututembelea ataikuta hai.

Kwa mvi zile tuliiita Babu, na kwetu mzee huhudumiwa kwanza. Basi kila asubuhi, maji yakifika kutoka ziwani, kata ya kwanza ilikuwa ya Babu, kabla hata sijanawa uso. Wapita njia wakimwamkia, "Shikamoo babu!" mimi niliitikia marahaba kwa niaba yake, nikijiona bingwa wa mimea.

Siku moja mke wangu alimgusa kwa mwiko. Babu akayumba.

"Baba watoto, huyu ameoza chini."

"Ana kiu tu," nikasema, nikaifuata kata.

"Kiu! Umemzamisha mzee wa watu. Au ulidhani ni samaki sato?"

Niliinama, nikakuta shina limelainika kama ndizi iliyoiva mno. Tulikata kichwa kilichokuwa bado kizima, tukakiweka kivulini mpaka kidonda kikakauka, kisha tukakipanda kwenye changarawe kati ya mawe. Kikatoa mizizi. Fundi alipokuja alimkuta Babu kafupika, lakini hai.

Nawe, kabla ya kumwagilia, choma kijiti mpaka chini ya udongo. Kikitoka na unyevu, usimwagilie.