Mstari Aliouelewa Nyanya

Jirani anakaanga majani ya mchuzi, yale ya kunukiza mapishi ya Kihindi, nami nimeichoka kazi hii ya kutafsiri aliyoniachia baba. Nyumba yetu ya Kaloleni, Kisumu, ilinukia hivi hivi baba alipokuwa akitafsiri Injili kwa lugha ya kwetu, ya vilima vya kusini mwa India. Kila alasiri alimsomea nyanya kipande, kisha nyanya akakieleza kwa maneno yake ili baba apime kama tafsiri inaeleweka; alimtegemea yeye kwa sababu Kisumu nzima hakukuwa na mwingine anayeijua lugha hiyo vizuri. Siku moja alisoma mstari ambapo Yesu anawaita waliochoka waje wapumzike.

"Mama, umesikia nini?" baba akamuuliza.

Nyanya alikuwa anakoroma.

"Tumwamshe?" nikauliza.

"Wacha," baba akanong'ona. "Huu ameuelewa."

Akavua miwani, akaegemea bega la mama yake, akalala.