Fundi wa Keko Akimbia Kutoka Kibamba Hadi Madale

Nimesikia kwamba huko Songea mnasimuliana eti Osmund Komba alimaliza mbio akiwa amelala ndani ya bajaji. Aliyewaambia hivyo ni muongo, na ninamjua kwa jina. Ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe, tangu nilivyotoka nyumbani hadi nilivyorudi, mkikutana jioni muwe na habari kamili. Nilikimbia kilomita ishirini na moja, kutoka Kibamba hadi Madale, na mazoezi yangu yalikuwa ya siku nne. Na nilifika kwa miguu yangu.

Sababu ya kutoka ilikuwa Anitha, binti yangu wa kwanza. Matokeo yake ya kidato cha nne mliyasikia: ziro. Alilia wiki nzima, halafu akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha. Nikamwambia arisiti, aufanye mtihani upya mwaka huu huu. Akagoma. Zilikuwa zimebaki wiki tatu uandikishaji ufungwe, na kila nikiligusa jambo hilo anaondoka. Siku moja akaniletea simu niliyoisahau nyumbani, akanikuta karakanani Keko na randa mkononi, nami nikaanza tena.

"Sijasoma, Baba. Muda umeshapita. Unataka niaibike mara ya pili?"

Nikamjibu kwa sauti kubwa, mafundi wenzangu wakisikia, kwamba mtu akiamua humaliza jambo lake hata kama hajajiandaa vizuri. Loo! Mtoto akanikata maini pale pale.

"Wewe mwenyewe vitu humalizagi, Baba. Makabati ya watu hayo hapo yamejaa vumbi."

Mafundi wote wakawa na shughuli ghafla. Aliyecheka ni mmoja tu, Mama Kihwele, anayetupikia chakula cha mchana pale karakanani. Yeye ni Mhehe wa Iringa, na nyie mnajua sie Wangoni na Wahehe tulivyo watani tangu mababu walipochoka kupigana. Mtani akikusema hununi. Akaenda mpaka kwenye nguzo, palipobandikwa tangazo la mbio za hisani za kuchangia madawati ya shule moja ya msingi kule Madale. Tulikuwa nalo kwa sababu madawati yenyewe tulipewa sisi tuyatengeneze.

"Haya, Mngoni," akasema, "kilomita ishirini na moja, bado siku kumi na tisa. Ukimaliza, mtoto anajiandikisha. Ukishindwa, unamwachia nafasi yake na mtihani husemi tena. Anitha, umekubali?"

Anitha akalitazama tumbo langu kwanza. "Nimekubali."

Na mie kwa kiherehere changu nikasema, "Ishirini na moja tu? Si mngeongeza?"

Siku kumi na tisa hizo zilipita vibaya. Madawati yalitakiwa haraka, tukawa tunashinda karakanani tangu asubuhi. Nilikimbia mara nne tu, kutoka Keko hadi Chang'ombe na kurudi, na mara ya nne mvua ilinyesha nikarudi njiani. Nikajiambia kwamba kupiga randa miaka ishirini nako ni mazoezi, mapafu yameshakomaa. Msicheke, wakati ule niliamini kabisa.

Jumamosi alasiri nilikwenda Kibamba kwa dada yangu Fortunata, ili asubuhi nisihangaike na usafiri. Kule mji unaishia, viwanja ni vipana na hewa ni ya shamba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kufia kwangu?"

Hata hivyo akapika ugali wa dona na maharage, akanijazia sahani mara mbili, na sahani ya tatu nikaiomba mwenyewe. Nilidhani ninaweka akiba. Anayetaka kukimbia asile hivyo, nawaambia kwa wema tu. Usiku kucha tumbo lilikuwa zito na nikawa nageuka geuka hadi alfajiri.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, tulikuwa watu kama mia mbili kando ya barabara ya Morogoro, kila mmoja na namba kifuani. Vijana walikuwa wamevaa viatu vya rangi za kung'aa na saa kubwa mikononi. Mimi nilikuwa na raba za mtumba na kaptula ya kanisa langu la zamani, ya timu ya mpira ya wanakwaya. Mama Kihwele na Anitha wakafika na bajaji ya jirani yetu waliyoikodi ili wanifuate nyuma, wahakikishe siibi hata hatua moja. Mama Kihwele alitoa kichwa nje akapaza sauti watu wote wasikie.

"Huyu mwenye tumbo ni mtani wangu! Akifa leo, nitaingia kaburini kabla yake, na sitoki mpaka ndugu zake wanipe kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Wenye desturi hiyo ya watani msibani walielewa, wengine waliduwaa. Mimi nikapunga mkono, filimbi ikalia, tukaondoka.

Kutoka Kibamba hadi Mbezi nilikimbia vizuri mno, sina haja ya unyenyekevu. Barabara ni pana, magari yalikuwa machache, na jua lilikuwa bado halijashika. Niliigawa safari yote kwa namna ninavyotengeneza kitanda, maana kilomita sizijui lakini kitanda nakijua. Mbezi ni kukata miguu minne. Goba ni mbavu za pembeni na chaga. Kupanda Madale ni kichwa cha kitanda, na uwanja wa mwisho ni msasa na vanishi. Hakuna fundi anayewaza vanishi wakati anakata miguu, basi na mimi nikakataza akili kuiwaza Madale. Niliwapita watu, tena wenye zile saa kubwa.

"Kimbia, Mngoni!" Mama Kihwele alikuwa pembeni yangu. "Ndivyo mababu zako walivyokimbia wakituona!"

"Tulikuwa tunakimbia kuja kwenu!" nikamjibu, na pumzi nilikuwa nayo ya kutosha.

Baada ya kukata kona ya Mbezi kuingia njia ya Goba, mambo yakaanza kubadilika. Goti la kulia likawa linauma kila nikiteremka, na soksi ilikuwa imejikunja ndani ya kiatu. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunipita mmoja mmoja, wengine wakiniambia "jikaze mzee," na hilo neno mzee lilinichoma. Nikaacha kuhesabu mbao za kitanda, nikahesabu nguzo za umeme. Nguzo hii, halafu ile. Mama Kihwele akinitukana nacheka, nikicheka nasahau goti kwa nguzo mbili. Nawaambia kweli, matusi ya mtani yalinisukuma kuliko makofi ya waliosimama kando.

Goba, karibu saa mbili, ndipo nilipoumbuka. Penye maduka palikuwa na meza ya maji, na aliyekuwa akigawa vikombe ni Bi Zuwena, mwenye duka la vitambaa. Ukoo wao ni Waarabu wa siku nyingi, wamefanya biashara Dar tangu enzi za babu yake. Kabati lake liko kwangu miezi miwili halina milango. Na Alhamisi ya wiki ile ile alinipigia simu, nami nikamwambia kwa sauti ya majonzi kwamba niko Songea msibani.

Nawaomba radhi, nilimzika mtu hewa huko kwenu. Mafundi tunayo tabia hii, na hata mafundi wenyewe tunaijua. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba njia inapita mlangoni kwake. Nikajaribu kujificha nyuma ya kijana mmoja mwembamba, lakini mimi si wa kujificha nyuma ya mtu mwembamba.

"Ewe fundi Osmund!" akaita. "Huo msiba wa Songea umehamia Goba?"

Nikasimama. Ningefanyaje? Bajaji nayo ilisimama, na Anitha alisikia kila neno.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Haya, marehemu hajambo?"

Akanipa kikombe cha maji, akaningoja ninywe, kisha akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Kabati langu huna muda nalo, lakini mbio unazo. Maliza basi hata hizo."

Nikageuka nikakutana na macho ya Anitha. Aliangalia pembeni, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mtoto alikuwa amesema simalizi vitu, na shahidi akajitokeza barabarani mchana kweupe. Nilijua nikisimama leo, sitakuwa tena na mdomo wa kumwambia neno lolote kuhusu mtihani, wala kuhusu jambo jingine. Nikarudisha kikombe, nikaanza kukimbia.

Njia ya Madale, saa tatu kasoro, ni vilima juu ya vilima. Unapanda, unadhani umemaliza, unaona kingine. Nyumba nzuri zimejengwa huku na huku, na watu waliokuwa wakitoka ibada ya kwanza walisimama kunitazama. Nilikuwa sikimbii tena, nilikuwa nakokota mguu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimetoa damu hadi ikaonekana juu ya kiatu. Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja mnene aliyekuwa akitembea huku akiongea na simu, na akanipita.

Zilipobaki kilomita tatu, Anitha aliruka kutoka kwenye bajaji kabla haijasimama vizuri. Akanishika mkono.

"Baba, inatosha. Nimekubali. Nitajiandikisha, naapa. Panda twende."

Mama Kihwele naye akashuka. "Umeshinda, mtani. Mtoto amekubali, mie shahidi. Panda."

Hapa ndipo msikilize vizuri. Nilichokifuata tangu Kibamba nilikuwa nimeshakipata. Kiti cha bajaji kilikuwa hatua mbili kutoka nilipo, kina kivuli. Goti lilisema panda. Nami nilikuwa nimeshanyoosha mkono nishike chuma cha mlango, sitawaficha. Halafu nikamtazama yule binti yangu, machozi yanamtoka, nikaona ananihurumia. Atakwenda kujiandikisha kwa sababu baba yake alivuja damu. Na siku atakapoifungua ile karatasi ya mtihani na kukuta swali gumu, huruma yangu itamsaidia nini?

"Sipandi," nikasema.

"Baba!"

"Sipandi, Anitha. Sijaja kukufanya unionee huruma. Nimekuja kumaliza. Rudi kwenye bajaji."

Akagoma kurudi. Akatembea pembeni yangu, viatu mkononi, hakunishika tena wala hakuniambia nisimame. Baada ya muda nikamsikia anahesabu nguzo. Mama Kihwele akarudi kitini, na alipoanza tena kututukana alitutukana wote wawili, sisi na ukoo wetu mzima hadi wa Songea mjini.

Saa nne na nusu niliingia uwanja wa Madale. Geti la kumalizia walikuwa wameshalifungua upande mmoja, limeinama. Medali zilikuwa zimekwisha. Mshindi, nadhani, alikuwa ameshaoga na kwenda kwao. Nilipita chini ya lile geti nikiwa wima, nikainua mikono yote miwili, na nikapiga kelele ambayo hata mimi sikujua ninayo. Wapiga makofi walikuwa wanne, dereva wa bajaji akiwamo. Nilijisikia mtu mkubwa katika mji huu, na hadi leo najisikia hivyo.

Wakati wa kurudi ndipo nilipopanda bajaji, na huyo muongo wenu lazima aliniona saa hiyo. Tulipita tena Goba. Nikaomba tusimame, nikachechemea hadi dukani kwa Bi Zuwena, nikamwambia hapakuwa na msiba, nilidanganya, na kabati nitalitia milango wiki hii. Akanitazama miguu. "Nenda kaoge kwanza," akasema. Jumatano alilipokea.

Nilichojifunza ni kidogo lakini ni changu. Mazoezi yanatakiwa, asiwadanganye mtu, kucha mbili nimezipoteza. Lakini ukishaingia njiani bila kujiandaa, kulia kwamba hukujiandaa hakukupunguzii hata nguzo moja. Unafanya kipande kilicho mbele yako. Na ukiwa na mtani, mwombe aje asiache kusema.

Jumatatu sikuweza kushuka kitandani. Anitha aliondoka asubuhi bila kuaga, na sikumwuliza anakwenda wapi, niliogopa jibu. Moyoni nilikuwa nimepiga hesabu kwamba akijiandikisha masomo matatu mepesi, nitashukuru Mungu na kunyamaza. Alirudi saa nane, akaniwekea bakuli la maji ya chumvi miguuni, akakaa chini kwenye mkeka.

"Nimejiandikisha, Baba."

"Masomo mangapi?"

"Yote saba."

Nikamwangalia. Hesabu ndiyo iliyomliza kuliko yote, kila mtu nyumbani anajua, na jina lake tulikuwa tumeacha hata kulitaja.

"Na Hesabu?"

"Ndiyo niliyoiandika ya kwanza," akasema, akaanza kuniosha miguu.