Tumbo la Kondoo wa Mama Mkwe

Kipimo cha mimba nilikinunua mwenyewe, kwenye famasi moja ya Kicukiro karibu na ofisini, nikakificha chini kabisa ya pochi, kati ya nepi na chaja ya simu. Kikakaa humo wiki baada ya wiki. Kila nikitaka kukitoa, mkono unakuwa mzito. Badala yake, kila asubuhi nikawa natoka nyuma ya nyumba kwenda kumwangalia kondoo wa mama mkwe. Ndiyo, kondoo. Cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka, ila wakati ule nilikuwa naona giza.

Ngoja nieleze vizuri. Tunaishi Kinyinya: mimi, mume wangu, binti yetu ambaye wakati huo alikuwa hajaanza hata kukaa, na mama mkwe. Mimi ni mtu wa Muheza. Mume wangu ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, anaendesha lori la mizigo. Leo yuko Dar, kesho Rusumo, kesho kutwa hata mwenyewe hajui. Mama mkwe alipohamia kwetu alikuja na masanduku yake na kondoo jike mmoja, tukamjengea kondoo banda la mabanzi pale nyuma. Mwaka wa kwanza nikafanya kosa la kuuliza kama tutamchinja Krismasi. Loo! Kumbe kwa watu wa umri wake kondoo haliwi, anafugwa ili nyumba iwe na amani. Siku nzima mama hakunisemesha, na jioni akanipakulia chakula bila kuniangalia usoni.

Kondoo huyo alizaa muda mfupi baada ya mimi kujifungua. Tukawa wazazi wawili ndani ya ua mmoja, na mama akitutunza kwa zamu, uji kwangu, majani ya viazi kule bandani.

Sasa balaa lilianza Jumamosi moja ya umuganda, mtaa mzima umetoka kusafisha mitaro. Mume wangu alikuwa amerudi jana yake kutoka safari ndefu, naye akatoka na mama yake na jembe begani. Mimi nikabaki na mtoto. Jirani yetu alikuwa na kondoo dume aliyemfunga kwenye kiwanja chake, nyumba ikiwa bado haijaanza kujengwa. Mafundi walikuwa wameng'oa uzio jana yake ili kupitisha mchanga, na asubuhi hiyo kamba ikakatika. Nikasikia purukushani bandani, nikachungulia, nikaona yanayoendelea. Mwanakondoo amesimama pembeni anashangaa. Nikamfukuza yule dume kwa fagio, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika. Mume wangu aliporudi nikamsimulia, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Alikuwa na siku chache tu nyumbani kabla ya kuondoka tena, na hatukuzipoteza.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuhisi kichefuchefu. Mama akiunguza mafuta ya mawese tu, mimi huyo, mbio chooni. Siku zangu nilikuwa sijaziona tangu nijifungue, na sikuwa na wasiwasi nazo, maana najua anayenyonyesha mara nyingi huchelewa. Ila 'huchelewa' si sawa na 'haiwezekani'. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Na hofu yangu haikuwa mimba yenyewe. Kwetu mwanamke akishika mimba mtoto akiwa bado yuko ziwani, wanasema kambemenda mtoto. Mtoto anaharisha, anadhoofu, shingo inakuwa kama uzi, na lawama zote anabebeshwa mama. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na dada mmoja mtaani aliyesemwa hivyo; akipita na mtoto wake mgongoni, wanawake wanaacha kusukana, wanamtazama mpaka apotee, halafu kicheko. Mama yangu naye alikuwa akicheka. Nimesoma, nina kazi ya mezani, nesi wa kliniki alishaniambia kwamba maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu. Nikamwitikia vizuri kabisa. Kisha nikarudi nyumbani na kuogopa vilevile.

Ndipo nikajiwekea ile mantiki yangu ya kijinga. Nilijua kondoo alikutana na dume wikendi ileile mume wangu aliyorudi. Naye ananyonyesha, nami nanyonyesha. Basi, nikajiambia, kama yeye hakushika, nami sijashika. Badala ya kupima mkojo wangu, nikawa napima tumbo la kondoo kwa macho.

Siku moja nikamuuliza mama, najifanya nauliza tu, huku naanika nepi. "Mama, hivi kondoo anaweza kushika mimba na bado ananyonyesha?"

Aliacha kukata majani. "Kwa nini weye unauliza?"

"Yule dume wa jirani aliingia bandani."

"Aliingia siku gani?"

"Ile siku ya umuganda. Mlipokuwa mitaroni."

Akanitazama, akatazama banda, akanitazama tena. "Mimi nilizoea ng'ombe," akasema. "Kondoo, tutaona." Akaendelea na panga lake.

Tutaona! Hilo neno lilinikosesha raha siku nzima. Ofisini nikamfuata mwenzangu mmoja ambaye baba yake anafuga kondoo huko kaskazini, milimani. Yeye akajibu huku anakula, kama nimemuuliza saa. "Wanashika sana. Si wote, wengine husubiri mpaka mtoto apunguze kunyonya. Lakini akiwa ameshiba na dume yupo, kwa nini asishike? Kwetu tuna majike wanabeba huku mtoto bado anagonga kiwele." Kisha akaniuliza kwani nimeanza kufuga. Nikasema nimeanza, nikarudi mezani kwangu, na kazi ya siku ile sikuifanya.

Tangu hapo nikawa namwogopa binti yangu. Sijui nisemeje vingine. Akilia kutaka ziwa, mwili wote unanisisimka. Nikaanza kumkatisha. Ananyonya kidogo, namtoa. Nasema ameshiba, nasema ana usingizi, nasema maziwa yamekata siku hizi. Namtikisa, namwimbia, nampa kidole. Mama anaangalia tu kutoka jikoni. Usiku nikawa namkagua mtoto mashavu kwa tochi ya simu, nayaona yamepungua, na kadiri yalivyopungua ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba nimembemenda.

Halafu mwanakondoo akaanza kukonda. Jamani! Manyoya yamekauka, mbavu zinahesabika, na akimwendea mama yake kunyonya, anapigwa teke. Huku tumbo la mama mtu limeanza kutanuka pande zote mbili. Nilisimama mlangoni pa banda. Basi ni kweli, nikasema moyoni, ni kweli yote, kondoo kashika, na mtoto wake anakufa mbele ya macho yangu.

"Mama!" nikaita. "Mama, njoo umtenge huyu mtoto! Anaharibiwa na maziwa!"

Mama akaja anajifuta mikono kwenye kitenge. Akaingia bandani, akainama, akampapasa jike ubavuni taratibu, akashika kiwele, akakikamua kidogo, akatazama yale maziwa kiganjani. Akayaonja. Nikakunja uso.

"Iko na mimba," akasema.

"Si ndiyo nasema! Mtenge, mama, atakufa."

"Nani amekwambia atakufa?"

"Si unaona alivyokonda?"

"Naona. Maziwa yamekuwa kidogo. Hayana ubaya, ni kidogo tu." Akainuka, mkono kiunoni. "Huyu mama anakula kwa watatu, na sisi tunampa chakula cha mmoja. Ni sisi tumekosa. Kuna siku tutamwachisha huyu mdogo, mama apumzike kabla hajazaa, lakini si leo. Lete pumba."

Nikaleta pumba. Akaongeza majani, maradufu ya kawaida, na chumvi kidogo, na mwanakondoo naye akamwekea chake pembeni katika kopo la rangi. Kila siku akawa anafanya hivyo, asubuhi na jioni, bila maneno. Nami kila siku nikawa naenda kutazama, nikiwa na hakika nitamkuta amelala miguu juu. Sikumkuta. Nilimkuta anatafuna. Wiki iliyofuata nikamkuta anarukia ndoo. Mateke yalikuwepo bado, ila yeye alisubiri mama yake atie mdomo kwenye pumba, ndipo anajipenyeza kwa nyuma na kunyonya.

Mimi sikupata nafuu. Mwanakondoo alikuwa na mtu wa kuliona tatizo lake. Langu lilikuwa chini ya pochi.

Jumapili moja tulitoka kanisani, mama akasema nikae, atapakua mwenyewe. Nilikuwa nimempakata mtoto, analia, nami namtikisa na kumwimbia kama kawaida yangu. Mama akaja na sahani, akaiweka mbele yangu. Ndizi, maharage, mchicha wanaouita dodo, kipande cha samaki, vimerundikwa mpaka pembeni kunamwagika. Yeye mwenyewe alikuwa na kisahani kidogo tu.

"Mama, hii ni nyingi mno."

"Kula."

"Siwezi kuimaliza, mama, kweli tena."

Akavuta kiti akakaa karibu, magoti yetu yakagusana. Hakuwa na hasira. "Mukazana wangu," akasema, neno analoniita kama mke wa mwanawe, na huwa halitoi hovyo. "Weye na yule kondoo mmeanza wikendi moja. Unadhani mimi sijui mtoto wangu alirudi lini?"

Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Nililia vibaya, makamasi na yote, nikamwambia kuhusu kipimo, kuhusu Muheza, kuhusu yule dada aliyechekwa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akanyoosha mkono, akanifungua vifungo vya blauzi mwenyewe, kama ninavyomfungulia binti yangu, akamsogeza mtoto kifuani pangu.

Mtoto akadaka ziwa kwa pupa, na safari hii sikumtoa.

Mama akanisukumia sahani. "Sasa kula," akasema. "Mko watatu."