Bakuli la Mama Nyaboke

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa, mvua za kwanza zimeanza baada ya kiangazi kirefu, nami sijafikisha miaka thelathini. Nilikuwa mwonjaji wa chai katika karakana ndogo upande wa Nyansiongo, tulikokuwa tukitengeneza chai kwa mikono. Nakusimulia wewe kwa sababu leo unakabidhiwa kijiko cha kuonjea, na nimeona unavyojiona. Mimi pia nilijiona hivyo hivyo, tena pengine kukuzidi.

Wewe umezoea chai iliyopikwa, najua. Nyumbani kwetu chai ni maziwa, sukari na sufuria inayofurika jikoni, na siisemi vibaya, naipenda sana nikiwa na njaa. Lakini chai ya mvua ya kwanza haipikwi. Mti wa chai ukishakaa na kiu miezi miwili mitatu, halafu ukapata maji, hutoa chipukizi laini ambalo hulioni tena mwaka mzima. Majani yake ukiyakausha vizuri unayatia kidogo tu kwenye birika la udongo. Maji yachemke, uyaache yatulie kidogo, ndipo uyamimine. Unangoja kama dakika tatu, basi. Ukizidisha inakuwa kali, na ukiipikia maziwa umeiua. Rangi yake ni ya asali nyepesi, na harufu yake inakujia kabla ya ladha. Sisi waonjaji tunaivuta kwa kelele, kama watu wasio na adabu, inazunguka mdomoni, kisha tunaitema. Hatumezi.

Katika karakana yetu kulikuwa na desturi moja. Majani ya mvua ya kwanza hayakuchanganywa. Ya kila mji, yaani kila boma, yalitengenezwa peke yake, na yakiwa tayari tunapanga mabakuli meupe mezani, kila bakuli limebandikwa jina la mwenye majani chini ya kitako. Mwonjaji anaonja na kuandika bila kujua ni ya nani. Akishaandika ndipo anainua na kusoma jina. Desturi hiyo aliiweka Mzee Ombati, mkuu wetu, ambaye alikuwa pia mzee wa kanisa la Wasabato, mtu wa maneno machache sana. Mimi niliiona ya kizamani.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunatarajia mnunuzi jioni. Mzee Ombati alikuwa ametoka, ameniachia mabakuli saba. Saa tatu asubuhi nikaanza. La kwanza sawa, la pili sawa, la tatu lina moshi kidogo. Nikavuta la nne.

Sijui nikuelezeje. Ladha ilianza vizuri, nyepesi, ina maua, halafu ikakatika. Haikufifia jinsi chai inavyofifia. Ilikatika, kama mtu ameniita jina langu nusu akaacha. Nikageuka kweli, mwanangu, nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu, ni mvua tu juu ya mabati. Ulimi ulikuwa wa baridi na ile chai ilikuwa ya moto. Nikavuta tena, ikakatika palepale. Nywele za mikononi zikanisimama.

Nikafanya nisichopaswa kufanya. Niliinua bakuli nikasoma jina kabla ya kuandika. Lilikuwa la Mama Nyaboke.

Mama Nyaboke alikuwa mjane, anaishi na mjukuu wake wa miaka mitano, Kwamboka, chini kabisa karibu na kijito. Mashamba ya huko Borabu, upande huo wa Nyansiongo, ni mapana, si kama kwetu Kisii ambako jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani. Hakuna mchumaji aliyemfikia. Alichuma majani mawili na chipukizi tu, hakuna kijiti, hakuna jani lililokomaa. Kila mwaka chai yake ilikuwa ya kwanza, na huyo mnunuzi alikuwa anakuja kwa ajili yake hasa. Sasa mimi ni nani niandike kwamba chai ya Nyaboke ina kasoro? Tena kasoro gani? Kwamba imeniita? Nikaandika: nzuri sana, kama kawaida. Nikasukutua mdomo mara tatu na kwenda kwenye bakuli la tano.

Mzee Ombati alirudi saa tisa. Alikuwa na tabia ya kuonja tena mabakuli yakiwa yamepoa, kwa sababu chai iliyopoa haifichi kitu. Alipofika la nne alivuta mara moja, akaweka kijiko chini na kuvua kofia.

"Kerubo, uliandika nini hapa?"

"Nzuri sana, Mzee. Ni ya Mama Nyaboke."

"Mdomo ndio ulikwambia hivyo ama ulisoma jina?"

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Chukua sweta," akasema. "Tunaenda kwake."

Tulipitia kwanza kwenye kibanda cha kupimia majani. Karani alisema kwamba jana alfajiri, alipofungua, alikuta kikapu cha Nyaboke kimeshafika, kimejaa, majani yana umande. Yeye mwenyewe hakumwona, lakini kikapu chake nani asiyekijua, kina ule mkanda mwekundu aliousuka kwa kitambaa cha sketi. Karani akapima, akaandika jina.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kijitoni. Shambani tuliona mistari miwili imechumwa safi kabisa, kila chipukizi limekatwa mahali pake, kuanzia barabarani hadi karibu na nyumba. Mbele ya mlango uchumaji ulikoma katikati ya mstari. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua, miguu yetu ilizama hadi kwenye vifundo. Kwenye ile mistari hapakuwa na nyayo nyingine. Nilitaka kumwonyesha Mzee, lakini alikuwa ameshaona.

Alipiga hodi. Alisukuma mlango, ukakataa. Ndipo tukasikia ndani kitu kinakwaruza, polepole, kama kucha kwenye ubao, na pumzi ya mtu anayejaribu kuita bila sauti.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo ndani. Mzee aliuvunja kwa panga, na hata komeo lilipoachia bado ulikuwa mzito, kwa sababu Mama Nyaboke alikuwa ameanguka nyuma yake. Alikuwa baridi. Kwamboka alikuwa ameketi kando ya kichwa cha bibi yake, midomo imepasuka, maganda ya ndizi yamemzunguka. Madirisha yalikuwa na nondo. Bibi alikuwa mzito kwake kusogeza, na komeo liko juu.

Nilimbeba mtoto. Alikuwa mwepesi, anachemka kwa homa. Mdomo wake ulikuwa sikioni pangu, akanong'ona habari za bibi yake, "Magokoro ameenda kuchuma chai. Amesema nisilie, kuna mtu anakuja."

"Amesema lini?" nikamuuliza.

"Jana. Kabla hakujakucha."

Muuguzi wa zahanati alisema Mama Nyaboke alikufa siku tatu kabla ya sisi kufika, pengine na zaidi. Yaani Jumanne. Kikapu kilifika Alhamisi. Tuliuliza kila mji, hakuna aliyemchumia, hakuna aliyembebea. Mzee Ombati aliamini, kama Wasabato wote, kwamba aliyekufa amelala tu na hana habari ya mambo yetu. Tuliporudi karakana alimwaga ile chai kwenye mizizi ya mgomba na kulisugua bakuli kwa majivu. "Tusiizungumze hii," akaniambia, na mpaka tulipomzika hakuizungumza. Nilikuwa naogopa, na hata sasa ninapokuambia nasikia ulimi unapoa.

Mtoto alipona. Ila sauti yake haikupona. Alikuwa ameita siku tatu mfululizo, na muuguzi alisema koo lilichanika kwa kule kuita. Leo ana watoto wake, anauza ndizi pale sokoni Daraja Mbili, na akikusalimia unadhani mtu anakwaruza ubao. Wenzake wakiimba kanisani yeye hutikisa midomo tu.

Mimi nilikaa na ule ukurasa nilioandika "nzuri sana" miaka yote hiyo. Kila mtu alijua kwamba tulimwokoa. Nilishukuriwa hadharani, nikapewa kuku. Sikumwambia mtu kwamba niliisikia ile chai ikiniita tangu asubuhi. Mwaka jana nilishindwa kuendelea kununua ndizi zake na kuchukua nyongeza anayonipa kwa shukrani. Nikamwambia yote: bakuli, jina, nilichoandika. Hakukasirika. Alipanga ndizi zake kwa muda, kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ilikuwa saa ngapi, Mama Kerubo?"

"Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu," akasema kwa ile sauti yake, "nilikuwa bado naita. Nilinyamaza adhuhuri."

Basi, mwanangu, hilo ndilo ninalokupa, sina lingine kubwa kuliko hilo. Ukishika kijiko, usiinue bakuli kabla hujaandika. Mdomo wako uuamini hata kama jina lililoko chini ni la mtu unayemheshimu kuliko mama yako, maana heshima yangu kwa Nyaboke ndiyo iliyomfungia mjukuu wake mle ndani saa sita zaidi. Na ukionja kitu usichokijua, andika kwamba hukijui. Hakuna aibu. Halafu usisukutue mdomo kama nilivyofanya mimi. Inuka, ukaulize kwa mwenye majani kuna nini. Wakikucheka kwamba umetembea kilomita tano kwa ajili ya kijiko kimoja cha chai, wacha wacheke, urudi nyumbani ulale.

Nenda sasa, wanakungoja. Nyasae, Mungu wetu, akupe ulimi mwepesi na miguu myepesi zaidi, na mtu yeyote atakayekuita mahali popote, akukute bado unasikia.