Konzi ya Mbolea

Kila nikipita duka la pembejeo hapa Garsen, harufu kali ya mbolea hunirudisha shambani kwetu Ngao. Mto ulikuwa umekataa kufurika tena, tope jipya la rutuba halikuja, na bibi akanunua mbolea. Katika kila shimo la mahindi alitia konzi nzima juu ya mbegu.

“Mama, tuliambiwa kifuniko cha soda tu,” mama yangu alimwambia.

“Mto umetupimia kwa kifuniko lini?”

Hakikuota kitu. Bibi alifukua mbegu moja, akaikuta imeungua, akaipangusa kwa leso, akaifukia tena.

Asubuhi yake tulimkuta mtoni na ndoo, akichota tope ili alipeleke shambani mwenyewe.