Safari ya Akheri Kumweleza Baba Kuhusu Sona

Niliomba likizo ya siku nne kwa sababu ya swali la baba. Kila aliponipigia simu aliuliza, "Huko melini unafanya nini hasa?" nami nilimjibu kwamba nakaa ofisini. Mara ya mwisho aliniaga kama mgeni.

Alfajiri nilipanda basi Dar es Salaam, na jioni nikafika Lemara kwa shangazi. Alinipakulia ndizi za nyama, akaniangalia nikila. "Baba yako anadhani umefanya jambo baya jeshini, ndiyo maana humwambii," alisema. Nikasukuma sahani kando.

Asubuhi nilipita sokoni Kwa Mrombo kumnunulia baba mabuti ya shambani, ndipo nikaenda Akheri, kijijini kwake. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Baba alikuwa akipogolea kahawa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Tulikaa barazani, nikamweleza. Meli yetu ya doria ina sona, chombo kinachotuma mlio mkali majini. Ukigonga kitu, mwangwi hurudi, nami kwa kupima muda uliopita najua kiko umbali gani. Hivyo ndivyo tunavyotafuta nyambizi. Nikamsimulia pia siku ya mazoezi ambapo mlinzi wa sitahani aliona nyangumi na mtoto wake karibu nasi. Mlio ule ungeweza kuwaumiza. Nilimwomba kamanda tuzime sona. Tukazima, tukangoja mpaka wakapita.

Baba alizungusha kikombe chake. "Na hao walio kwenye nyambizi, mlio wenu wanausikia?"

"Wanausikia kabla sisi hatujawagundua."

"Kwa hiyo wanajua mlipo."

"Ndiyo, Baba."

"Unaogopa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Naogopa," nikasema, na machozi yakanitoka. Alinishika mkono kwa kiganja chenye udongo. Hakunikataza kazi. "Mimi pia nilikuwa naogopa," alisema, "ila sikujua naogopa nini."

Siku ya nne alinisindikiza hadi barabara kuu, akiwa amevaa mabuti yake mapya ingawa hakukuwa na tope.

Nilikuwa nikidhani kwamba kwa kumficha nampunguzia wasiwasi. Kumbe nilimwacha nao peke yake. Basi lilipofika Boma Ng'ombe nilimpigia, nikamwambia tunaingia baharini Jumatatu, simu haitapatikana, tutarudi Jumapili.

"Sawa," alisema. "Jumapili nikitoka kanisani nitakaa na simu mkononi."