Fomu ya Bosi Niliyoijaza Mwenyewe

Mwaka nilioomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya usalama wa mtandao, sikuweza kukaa kitini dakika kumi. Nilikuwa natoka ofisini Busia, mpakani upande wa Uganda, navuka upande wa Kenya kununua bando nisilolihitaji, narudi, nafungua barua pepe, nafunga, natoka tena. Askari wa getini alichoka kuniuliza ninakokwenda.

Ofisi yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha: chumba kimoja, meza tatu, na madereva wa malori mlangoni wakitaka hati zao zipite leo hii. Leseni ilikuwa ya bosi. Kisheria ni yeye peke yake aliyepaswa kuingia kwenye mfumo wa forodha kutangaza mizigo, lakini yeye na kompyuta walikuwa hawaelewani hata kidogo. Paswadi yake iliandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na sote tuliitumia. Mimi niliiandika kwa miaka saba, mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Majirani zetu nao walifanya kazi hivyohivyo. Wakala aliyeficha paswadi yake alionekana ana jambo.

Sasa mtu wa namna hiyo alitaka kusomea kulinda siri za watu! Leo nacheka, ila wakati ule sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na nilijiona nazeekea kwenye ile meza. Mama, kule Mukuju, aliniuliza swali moja kila nilipokwenda kumwona: nikimaliza, nani atanipa kazi? Nikamtajia mabenki, kampuni za simu, wizara. Akauliza kama ziko Tororo. Nikasema Kampala, pengine Nairobi. Akaendelea kuchambua kunde zake. Kaka yangu wa Tororo ndiye aliyenipasulia, kwamba Busia hakuna atakayenilipa nilinde kitu ambacho kila mtu anakijua. Nilimnunia siku nzima kwa sababu alisema kweli.

Chuo kilitaka wadhamini wawili. Wa kwanza, mwalimu wangu wa zamani, alituma barua ndani ya wiki. Wa pili alipaswa kuwa mwajiri. Fomu ikaja kwenye barua pepe ya bosi, ambayo nayo niliifungua mimi. Swali la mwisho liliuliza kama mwombaji anaweza kuaminiwa na mifumo na siri za watu wengine. Nikaichapisha, nikampelekea bosi akinywa chai.

"Mzee, hii ni yako. Chuo wanataka maneno yako mwenyewe."

Aliisukuma kwa kidole kama sahani ya mtu mwingine. "Mimi najua nini ya mambo hii? Kitu yote hapa wewe ndio najaza. Jaza na hiyo. Sisi hapa naaminiana."

Nikajaza. Nilijipa alama za juu kila mahali, nikajishusha kidogo kwenye uongozi ili isionekane najisifu. Kwenye swali la mwisho niliandika: "Bila shaka yoyote." Nikaituma kwa kompyuta ileile niliyotumia kutuma maombi yangu. Kwamba kompyuta huacha nyayo, hilo nililikumbuka nikiwa njiani kwenda Tororo, nimeshachelewa. Na ndilo somo nililotaka kwenda kusoma! Nilijitukana kwa lugha tatu.

Wiki zilizofuata nilizidi kuvuka mpaka kununua bando. Kisha nikaitwa kwenye mahojiano ya video. Niliyafanyia sebuleni kwa kaka, maana Busia simu yangu hurukia mtandao wa Kenya bila kuniomba ruhusa. Walimu watatu walinitazama kwenye skrini. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya upole, alitazama karatasi yake chini, akaniomba nieleze udhaifu mmoja wa kiusalama niliouona kazini na nilichoufanyia.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ameshagundua. Ningeweza kumsimulia habari za virusi na flashi, na nilikuwa nimeziandaa. Lakini nilikuwa nimechoka kuhangaika, nikasema yote: kalenda, kalamu nyekundu, ofisi za jirani zenye desturi hiyohiyo, na mwisho fomu. Watatu wote waliandika kitu. Kisha yule mama akasema ombi langu litaendelea kwa sharti moja, kwamba wazungumze na mwajiri wangu mwenyewe, kwa simu, Alhamisi saa nne asubuhi. Neno lake ndilo lingeamua.

Kumweleza bosi siku ya Jumatatu kulikuwa kugumu kuliko mahojiano.

"Yaani umeniuza kwa watu ya chuo?" aliuliza, akaninyima maneno siku mbili. Aliing'oa kalenda ukutani, akaifungia kwenye droo. Baada ya saa moja akatuma mtu aje kuniuliza paswadi yake ni ipi.

Alhamisi alikuja amevaa koti. Simu ilipolia alisimama mlangoni, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nilijifanya najaza hati za lori la vitunguu.

"Ndiyo, ni mimi. Huyu binti ni mzuri sana. Kazi najua kushinda mimi." Akasikiliza kidogo. "Kuaminika? Sana! Miaka saba, kitu nikimwambia fanya, nafanya. Hajaniambia hapana hata siku moja. Hata hiyo fomu, nilimwambia mara moja tu, akajaza."

Nilitamani kuruka nimpokonye simu. Lakini ningesahihisha nini? Hakukuwa na uongo hata neno moja, na aliyasema yote kwa mapenzi. Mbele ya wale walimu nilikuwa nimeilaumu kalenda, nikalaumu ofisi, nikalaumu mji mzima na desturi zake. Sikuwa nimesema kwamba niliambiwa nifanye kitu nilichojua ni kibaya, na wala sikubisha. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni.

Bosi alirudi ndani anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Nimekupigia debe," akasema, "mpaka wamenyamaza kabisa."

Nikamwambia asante, mzee. Kisha nikavuta kibodi na kuendelea kutangaza lori la vitunguu kwa jina lake.